Soksi Ndani ya Ncha ya Kiatu

Viatu vyangu ni namba tisa. Miguu yangu, kama ilivyokuja kujulikana baadaye, ni namba saba. Tofauti hiyo hujazwa na soksi kuukuu iliyokunjwa na kusukumwa kwenye ncha, moja kila kiatu. Soksi hizo zimetembea dunia kuliko watu wengi ninaowajua. Zilitoka Eastleigh, Nairobi, zikapita uwanja wa ndege bila kuulizwa swali, zikatua Birmingham, na kila Septemba huhamishwa kutoka viatu vya zamani kwenda viatu vipya kwa heshima zote, kama wapangaji wazuri.

Mama yangu hununua viatu vya kukulia. Dukani hubonyeza ncha kwa kidole gumba, na akikuta kidole changu humo ndani anamrudishia muuzaji kiatu kama amepewa samaki aliyeoza. "Hiki kimeshamjaa." Kisha ananigeukia: "Utakua." Nimeambiwa utakua mara nyingi kuliko nilivyoitwa jina langu.

Nilihamia huku nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nairobi nilikuwa na hadhira. Darasa la watu hamsini na tano, mwalimu akigeukia ubao, mimi nafungua mdomo, na safu mbili za nyuma zinalala juu ya madawati kwa kicheko. Birmingham nilikuta utani wangu lazima kwanza upite forodhani. Nikishautafsiri kichwani, nikautafutia Kiingereza chake, nikaupanga, watu wameshakwenda kula. Nilikaa miaka miwili na nusu nikiwa mtu wa kuchekesha sana asiyejulikana na yeyote.

Basi ilipobandikwa karatasi shuleni, kilabu cha ski, Alhamisi nane, wanaotaka waandike majina, niliandika langu kwa mzaha. Pale walipouliza kama umewahi kuteleza kwenye theluji nikaandika: Bingwa wa Kenya. Mwalimu wa michezo ama hana ucheshi kabisa ama anao mwingi mno. Alinipanga kwenye orodha.

Kilima chenyewe hakina theluji. Ni mteremko ulioko nyuma ya maegesho ya magari, umefunikwa mkeka wa plastiki wenye manyoya magumu, kana kwamba mtu alikusanya miswaki yote ya Birmingham akaishona pamoja. Juu yake wanamwagia maji ili uteleze. Mvua ikinyesha wanaendelea kumwaga.

Tulikwenda kwa basi dogo la shule, mwalimu mwenyewe akiendesha. Kiti cha nyuma kinabeba watano, na kuna watu wanne waliojuana tangu chekechea ambao walikaa hapo bila hata kujadiliana. Mkuu wao ni kijana mmoja mrefu asiyeweka simu chini. Nafasi ya tano waliwekea mabegi. Mimi nilikaa mbele, kando ya mwalimu, kwenye kiti kinachokaliwa na sanduku la huduma ya kwanza. Kwa kuwa sanduku lilikuwa na haki ya kiti, nililipakata.

Alhamisi ya kwanza Mama alinivalisha soksi jozi tatu.

"Nasikia huko kuna barafu."

"Hooyo, ni plastiki."

"Plastiki nayo hupoa."

Hooyo ni mama kwa Kisomali. Na kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo, kwa hiyo nyumbani tuko watu wawili na sote tuna jina moja. Anayeomba msaada hajulikani ni yupi.

Kwenye kaunta ya buti alikuwepo dada mmoja anayetafuna bazoka. "Namba?" Nikasema tisa. Akanisukumia buti mbili nzito kama betri za lori, plastiki ngumu hadi katikati ya muundi, kila moja na bizimu nne za chuma za kubana. Nilizivaa, nikafunga, nikasikia raha. Mguu ulicheza humo ndani kama mtu aliyepewa nyumba ya serikali. Kwa aliyelelewa ndani ya namba tisa, nafasi ndiyo kiatu chenyewe.

Nikapanda juu, nikafungiwa ski, zile mbao mbili ndefu za kutelezea, nikajisukuma, nikageuza mguu kushoto. Mguu uligeuka. Buti ikafikiria kwanza. Ski ikakataa. Nilishuka nusu ya kilima kwa tumbo, mikono mbele, nikakomea miguuni pa kijana mrefu, na kwa kuwa mdomo wangu haujui kukaa kimya hata ukiwa umejaa miswaki, nikamwambia, "Hivi ndivyo tunavyofanya Kenya."

Walicheka. Wote wanne, na yule mrefu akakaa chini kabisa. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo inavyokuwa ikikujia wewe.

Kurudi, nilipokuwa nikielekea kwenye sanduku langu, kuna mtu aliita kutoka nyuma: "Bingwa! Njoo huku." Mabegi yakaondolewa. Nikakaa nafasi ya tano, dirishani, nikatazama taa za mji zikipita, na sikumbuki nikitaka kitu kingine chochote maishani zaidi ya kukaa pale tena Alhamisi ijayo.

Basi nikawa mtaalamu wa kuanguka, na kuanguka kwenyewe hakukuwa kwa uongo. Buti zilianguka, mimi nilichangia maneno tu. Kulikuwa na anguko la mganda wa nyasi, anguko la bibi harusi, na lile moja nililoingia kwenye uzio nikauomba msamaha. Kijana mrefu alirekodi yote. "Hiyo tena, bro, simu ilikuwa imezima." Nami narudi juu. Mguu ulikuwa unateleza mbele ndani ya buti kila ninaposhuka na kugonga plastiki, mpaka ukucha wa kidole gumba ukaanza kuwa mweusi. Sikumwambia mtu.

Mama hufanya kazi ya kutunza wazee Longbridge, mabasi mawili kutoka kwetu Hodge Hill, zamu ya usiku. Anaporudi mimi natoka. Ninaporudi yeye anajitayarisha kutoka. Tunapishana mlangoni kama askari wa doria. Ila Alhamisi ilikuwa tofauti. Alhamisi alinikuta na michubuko, akaketi kwenye kochi na chupa ndogo ya mafuta ya karafuu.

"Umeanguka mara ngapi leo?"

"Kumi na moja."

"Subhanallah. Lete mguu."

Ananichua miundi huku akitazama saa ya ukutani na kunilaumu. "Watoto wa watu wanajifunza hesabu, wangu anajifunza kuanguka. Kuanguka nako kunataka shule?" Soksi sikuvua. Angeuona ule ukucha, kilabu kingekwisha siku hiyo hiyo.

Wale wanne walinitia kwenye kundi lao la simu. Jumamosi moja nikatuma utani, mzuri, niliufanyia kazi tangu asubuhi. Watu wanne waliusoma. Hakuna aliyejibu. Jumapili kimya. Jumatatu shuleni nilipishana na kijana mrefu kwenye ngazi, akaniangalia kama anajaribu kukumbuka sura ya mtu aliyemwona stendi. Ilipofika Jumatano jioni ndipo simu ikalia: "Kesho tunaanguka?"

Eti tunaanguka. Nikajibu kwa picha tatu za mtu anayecheka.

Alhamisi ya tano yule dada hakuwepo. Nyuma ya kaunta alikaa mzee Kalasinga, kilemba cha bluu, miwani kwenye ncha ya pua, pakiti ya krispi wazi mbele yake. Aliniuliza namba kwa Kiingereza. Nikasema tisa. Hakunitazama usoni, alitazama chini.

"Vua."

Nilivua kiatu cha shule na ile soksi ya kwenye ncha ikadondoka, ikaviringika sakafuni, ikalala pale kama panya aliyekufa. Mzee aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akainama akaanza kunivua zile tatu nilizovaa, moja baada ya nyingine, kama anamenya kitunguu. Akaona ukucha. Akafyonza meno. Akaukanyagisha mguu wangu juu ya bamba la chuma lenye mistari, akasukuma kile kipimo hadi kikagusa kidole, na midomo yake ikawa inatembea.

"...ishirini na tatu, ishirini na nne, ishirini na tano. Na nusu."

"Mzee," nikasema, "unahesabu kwa Kiswahili?"

"Mimi nahesabu tu." Hakuinua kichwa. "Wewe nani anakufundisha Kiswahili?"

"Nimezaliwa Eastleigh."

"Section ngapi?"

"Mbili."

"Uongo. Section mbili ilikuwa sisi."

"Sasa ni sisi Wasomali, mzee."

Alifikiria jambo hilo, akala krispi moja. "Mmepaka rangi?"

"Bado."

"Mbaya sana." Akajifuta mkono kwenye suruali. "Haya sikiliza. Wewe hapana tisa. Hata nane hapana. Wewe iko saba, na hiyo saba tunakusaidia."

"Haiwezekani. Nimekuwa tisa tangu nije nchi hii."

"Nani alisema?"

"Mama yangu."

"Alipima?"

Nilitaka kumtetea. "Alibonyeza."

"Kila mtu hapa anadanganya juu ya mguu yake. Mama wanapunguza, wanaume wanaongeza. Lakini wewe umeongeza kama mtu ya Nairobi anajenga ghorofa bila ruhusa."

Kwa mara ya kwanza tangu nifike Birmingham mtu alikuwa amenishinda kwa mdomo, tena kwa lugha ninayoimudu.

Akanipa soksi moja tu, nyembamba, ndefu hadi magotini. Akaleta buti ndogo kuliko kitu chochote nilichovaa tangu darasa la sita. Niliusukuma mguu ukagoma. Akaipanua buti kwa mikono miwili, akanigandamiza bega, mguu ukazama.

"Piga kisigino nyuma. Piga! Unaogopa sakafu? Sasa simama wima. Vidole inagusa?"

"Inaniumiza."

"Inaumiza ama inagusa? Hizi ni vitu mbili."

Nikasikiliza. "Vinagusa."

"Sasa nafunga. Sasa kunja goti, sukuma mbele."

Nikakunja goti. Vidole vikarudi nyuma kidogo tu, vikapata hewa, na kisigino kikakaa. Kilishikwa, kama mtu amekikamata kwa kiganja kizima na hana haraka ya kukiachia.

Mzee akaiokota ile soksi ya sakafuni kwa vidole viwili. "Hii ya nini?"

"Ya kukulia."

"Wewe miaka ngapi?"

"Kumi na sita."

Akautazama mguu wangu mwingine, ule mtupu, kama fundi anavyotazama gari la mteja. "Huyu imemaliza," akasema, akanirudishia soksi, akarudi kwa krispi zake.

Nilipofika juu ya kilima, kijana mrefu alikuwa ameshasimama chini na simu tayari. "Twende, Bingwa!" Nikajisukuma. Nikageuza mguu kushoto na buti ikageuka nao, na ski ikageuka nayo, papo hapo, bila mkutano. Nikageuza kulia. Nikaogopa, kwa sababu nilikuwa ninakwenda mahali nilipotaka. Upepo ulinipiga masikioni, mkeka ukawa unanguruma chini yangu, nikafika chini, nikasimama. Nilisimama wima, mwenyewe, nikihema.

Simu ilikuwa bado iko juu. Kisha ikashuka.

"Nini kimetokea?"

"Sikuanguka."

"Naona. Anguka basi, bro. Sijapata kitu."

Nilishuka mara tisa siku ile na sikuanguka hata mara moja. Mara ya tatu hawakuwa wakitazama tena. Katika basi nafasi ya tano ilikuwa na mabegi. Hakuna aliyenifukuza, msinielewe vibaya. Yalikuwa pale tu, na nilipokuwa nimesimama kwenye kijia kati ya viti nikingoja mtu aseme neno, mwalimu akasema kaa chini tuondoke. Nikapakata sanduku.

Nyumbani Mama alikuwa na chupa mkononi. "Mara ngapi?"

"Tisa," nikadanganya, nikamnyooshea mguu.

Alhamisi ya sita yule dada wa bazoka alikuwa amerudi. Nilimuuliza habari za mzee. "Nani? Ah, yule. Huja siku moja moja." Kisha: "Namba?"

Nilijua jibu. Lilikuwa limeandikwa ndani ya kichwa changu kwa sauti ya Kalasinga, pamoja na nusu yake. Kijana mrefu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akamwambia mwenzake, "Leo labda."

"Tisa," nikasema.

Nilianguka mara kumi na nne. La mwisho lilikuwa kubwa, ski moja ilibaki juu ya kilima na mimi nikafika chini na nyingine, na kelele zilizopigwa zilikuwa kama za mpira. Nikarudi nafasi ya tano. Ukucha ulikuwa ukinipiga kama ngoma ndani ya kiatu. Kijana mrefu akatuma video kwenye kundi palepale, na nikaifungua, nikaiweka sikioni kwa sababu basi lilikuwa na kelele.

Kwenye video unaniona nikishuka. Unasikia kicheko. Halafu, kabla haijakatika, kuna sauti ya mmoja wao karibu kabisa na simu: "Kwani anaitwa nani huyu, kwa kweli?" Na sauti ya kijana mrefu: "Sijui. Yule wa kuanguka."

Niliirudia mara tatu. Nao walikuwa wamekaa hapo hapo, bega kwa bega na mimi, wakicheka kitu kingine.

Alhamisi ya saba nilisema nina homa. Nilijifungia chumbani na nikatengeneza utani kuhusu homa, mzuri, na sikuwa na wa kumwambia.

Alhamisi ya nane, ya mwisho, dada akauliza, "Namba?" na nyuma yangu nikasikia simu ikifunguliwa.

"Ishirini na tano na nusu."

Akaacha kutafuna. "Hiyo ni saba. Si wewe ni tisa?"

"Nilikuwa nadanganya."

Nilijifunga mwenyewe. Soksi moja. Kisigino nyuma, wima, vidole viguse, goti mbele. Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Mvua ilinyesha na wao wakaendelea kumwaga maji. Niligundua ukikata kona pale karibu na uzio niliouomba msamaha, kuna sehemu ambapo mkeka haungurumi, unanong'ona tu. Nilipita hapo mara kumi na moja. Hakuna aliyerekodi, kwa hiyo ni neno langu tu, na mnajua neno langu lilivyo.

Kurudi sikungoja kwenye kijia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Huko nyuma walikuwa wakitazama video za wiki zilizopita, na kila baada ya muda nilisikia kicheko na kujua kwa urefu wake ni anguko lipi.

Mama alikuwa ameshavaa sare ya kazi. Chupa ya karafuu ilikuwa juu ya meza.

"Mara ngapi leo?"

"Hata moja."

"Alhamdulillahi." Uso wake ulifurahi kweli. Akaichukua chupa, akairudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati. "Basi acha nijinyooshe kidogo kabla ya basi."

Na akaondoka. Nilisikia kitanda chake kikilia. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi na miundi yangu mizima kabisa, nikitazama mahali anapokaa kila Alhamisi, na hasara hiyo sikuwa nimeihesabu. Nilikuwa nimehesabu kiti cha basi tu.

Nilivua viatu. Nikavua soksi, zote, na nikazitoa zile za kwenye ncha, nikazipanga sakafuni.

"Hooyo!" nikaita. "Mimi ni namba saba."

"Namba saba ya nini?"

"Ya miguu."

Alikuja na kanga begani. "Nani kasema?"

"Nilipimwa."

Aliona ukucha kwanza, na nikangoja nigombezwe. Hakugomba. Alikaa, akauweka mguu wangu mapajani, akaupima kwa shibiri yake, kisigino hadi kidole, akarudia, kama mtu anayehesabu kitu ambacho jana kilikuwa kingi zaidi. Akachukua kiatu cha shule, akabonyeza ncha kwa kidole gumba. Kidole gumba kikazama chote.

"Hooyo," akasema, akiniita mimi, polepole, "uliacha kukua lini?"

"Alhamisi," nikasema.

Hakucheka. Lakini aliuacha mguu wangu pale mapajani, kisigino ndani ya kiganja chake, hadi simu yake ilipolia kumwambia kwamba basi la Longbridge limekaribia.